Maswali Yenu: Alama za Lugha Zinapogoma Kwenye GMAT

Barua nyingi zilizofika safari hii zinalalamikia jambo moja: hesabu zinakwenda, lakini sehemu ya lugha ya mtihani wa GMAT haisogei. Kwa asiyeujua, huu ni mtihani wa kompyuta ambao vyuo vingi vya biashara duniani hutumia kuchuja wanaoomba nafasi za MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Tangu Februari 2024 umebaki na umbo moja tu: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, uchambuzi wa data maswali 20, na kila sehemu dakika 45. Alama za kila sehemu huanzia 60 hadi 90, na jumla huanzia 205 hadi 805. Tumechagua barua saba. Nyingine zilizouliza yale yale zitapata majibu yake humu humu.

SWALI: Wahariri, hamjambo. Nimesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na kazini naandika barua pepe za Kiingereza kutwa. Bado majaribio mawili ya lugha yamenipa 77 na 78. Kwenye simu nina programu ya maneno magumu, nimeshakariri karibu elfu moja. Nikariri elfu nyingine, ama kosa liko kwingine?
*Karani wa uwakala wa forodha, Kilindini*

JIBU: Liko kwingine, ndugu yetu. Ifute hiyo programu. GMAT ya sasa haina swali linalouliza maana ya neno peke yake, na maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa. Zimebaki aina mbili tu. Ya kwanza ni ufahamu: unasoma kifungu, unajibu maswali matatu au manne. Ya pili ni hoja: aya fupi, mara nyingi haifiki maneno mia, na swali moja chini yake lenye machaguo matano. Mtu wa Kiingereza chako hakosi kwa kushindwa neno. Hukosa kwa sababu ameelewa haraka mno, akaziba mwenyewe pengo ambalo mtunzi aliliacha makusudi.

Tuchukue hoja tuliyoitunga kwa mfano wa hapa hapa. *Tangu chama kimoja cha matatu kianze kupokea nauli kwa simu pekee, mapato yanayoandikwa ofisini yameongezeka kwa asilimia 20. Kwa hiyo malipo ya simu yamevutia abiria zaidi.* Swali: lipi kati ya haya linaidhoofisha hoja hii zaidi?

A. Abiria wengi wa njia hiyo wana simu zinazoweza kulipa.
B. Kabla ya mabadiliko, sehemu ya nauli za taslimu haikuwa ikifika ofisini.
C. Vyama vingine kwenye njia hiyo bado vinapokea taslimu.
D. Baadhi ya abiria waliulalamikia utaratibu huo mwanzoni.
E. Nauli ya chama hicho haikupanda katika kipindi hicho.

Yeyote aliyewahi kupanda matatu kutoka Bamburi hadi mjini atacheka kabla ya kufika B, maana anawajua makanga. Tatizo ni kwamba kwenye mtihani mada itakuwa popo wa Amerika Kusini ama bei ya chuma cha pua, na kicheko hicho hakitakuja chenyewe. Inabidi ukifikie kwa hatua.

Anza kwa kusoma swali lenyewe kabla ya aya, ujue umetumwa nini: kudhoofisha, kuimarisha, kutafuta dhana, kueleza jambo linaloonekana kujipinga. Kisha tafuta hitimisho, ile sentensi ambayo mwandishi anataka uikubali. Hapa ni "malipo ya simu yamevutia abiria zaidi". Halafu tafuta ushahidi: "mapato yanayoandikwa yameongezeka". Sasa yaweke mawili hayo kando kwa kando, utazame ni nomino gani imebadilika njiani. Ushahidi unazungumzia *mapato yanayoandikwa*, hitimisho linazungumzia *abiria*. Pengo ni hilo. Kabla hujatazama machaguo, sema moyoni kwa sentensi moja: "Mapato yaliyoandikwa yanaweza kupanda hata kama abiria ni wale wale." Hapo B inajitokeza yenyewe.

Tazama sasa jinsi mengine yanavyonasa watu. D ina sauti ya ubaya, na msomaji mwenye haraka huona ubaya akadhani ni udhaifu wa hoja. Lakini mtu anaweza kulalamika na bado akapanda. C inavutia kwa sababu unaweza kuitungia hadithi: labda wasiotaka simu walihamia huko, labda wengine wakaja huku. Hii ndiyo kanuni yetu kuhusu hadithi kama hizo: chaguo likihitaji sentensi yako mwenyewe ili lifanye kazi, liache. A haigusi pengo. Na E ndiyo mtego mkali kuliko yote, kwa kuwa inagusa pengo lile lile ila kwa upande wa pili: inafunga mlango wa maelezo mengine, kwa hiyo inaimarisha. Wanaochagua E wameielewa hoja vizuri sana, wakasahau walichotumwa.

Hiyo E inafaa kwa somo jingine. Swali lingekuwa "hoja inategemea dhana ipi?", E ndiyo ingekuwa jibu. Namna ya kuhakikisha ni kulikanusha chaguo na kutazama kama hoja bado imesimama. "Nauli *ilipanda*": basi huenda ongezeko la mapato limetoka hapo, na hitimisho limepoteza mguu. Dhana ya kweli ikikanushwa hoja huanguka. Ukikanusha A, ukasema abiria wanaoweza kulipa kwa simu si wengi, hoja inabaki pale pale, kwa sababu wachache walioongezeka wanatosha.

Kwa kuwa kazi yako ni ya bandarini, shika na mtego wa asilimia na idadi, maana haukosi kurudi. Tuseme mwaka mmoja asilimia 40 ya makontena yamekwenda kwa reli, mwaka uliofuata asilimia 35. Je, makontena ya reli yamepungua? Kama jumla ilikuwa 1,000 ikawa 1,200, yametoka 400 yakawa 420. Sehemu imeshuka, idadi imepanda. Ushahidi ukija kwa asilimia na hitimisho likaja kwa idadi, ama kinyume chake, pengo umeshalipata bila kutafuta.

SWALI: Maswali ya kudhoofisha nayaweza. Yale ya "lipi linaweza kuhitimishwa kutokana na maelezo haya" ndiyo yananiangusha. Nachagua jibu lenye akili zaidi, na kila mara jibu sahihi ni lile nililoliona halina maana.
*Mwalimu wa sekondari, Kisauni*

JIBU: Mwalimu, umeshalitaja jibu bila kujua: lile lisilo na maana, lisilosema jambo jipya, ndilo mara nyingi. Katika kudhoofisha na kuimarisha, machaguo huchukuliwa kuwa kweli, nawe unapima yanaifanya nini aya. Katika kuhitimisha, mambo hugeuka: aya ndiyo kweli, na machaguo ndiyo yako kizimbani. Jibu sahihi ni lile ambalo haliwezekani kuwa uongo ikiwa aya ni kweli. Uzuri wake, upana wake na hekima yake havihesabiwi.

Mfano: *Kila meli iliyotia nanga wiki hii ilikaguliwa. Baadhi ya meli zilizokaguliwa zilibeba ngano.* Wengi watahitimisha kwamba baadhi ya meli zilizotia nanga wiki hii zilibeba ngano. Haifuati. Huenda zilizokaguliwa ni pamoja na za wiki iliyopita, na ngano yote ilikuwa humo. Kinachofuata ni "hakuna meli iliyotia nanga wiki hii bila kukaguliwa", jambo ambalo mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza angekuuliza kwa nini unalirudia. Lichague tu.

Pima pia nguvu ya maneno. Chaguo lenye "wote", "kamwe", "pekee", "sababu kuu" linahitaji aya yenye nguvu hiyo hiyo. Chaguo lenye "baadhi", "huenda", "angalau" linahitaji kidogo sana, kwa hiyo katika maswali haya hupita mara nyingi zaidi. Na kwa mantiki ya mtihani, "some" ya Kiingereza ni kuanzia mmoja hadi wote. Haina maana ya "wachache, wengine hapana" kama tunavyozungumza mitaani. "Most" ni zaidi ya nusu, basi. "Unless" isome kama "isipokuwa kama", kisha uandike sharti kwa mshale kwenye ubao wa kuandikia unaopewa kwenye mtihani. Mshale huo husomwa upande mmoja tu. Anayeugeuza bila kukanusha pande zote mbili amejitengenezea kosa.

SWALI: Nafanya zamu za usiku, kwa hiyo huwa nachoka. Nikisoma kifungu cha ufahamu kwa makini muda unaisha na maswali manne matano nayabahatisha. Nikikimbia, nakosa. Nifanye lipi? Na nianze na sehemu ipi siku ya mtihani?
*Muuguzi, Changamwe*

JIBU: Dada, tuanze na hesabu ya muda. Dakika 45 kwa maswali 23 ni chini kidogo ya dakika 2 kwa kila moja. Kifungu cha maneno mia mbili hadi mia tatu na hamsini chenye maswali matatu kinakupa dakika 6: mbili za kusoma, na sekunde 80 kwa kila swali. Chenye maswali manne kinakupa karibu dakika 8, na hapo unaweza kusoma kwa dakika mbili na nusu. Hoja moja isizidi dakika 2. Alama za njiani ni hizi: ukimaliza swali la 6 uwe umebakiwa na dakika 33, la 12 dakika 21, la 18 dakika 10. Kifungu kikiangukia kwenye alama hizo zinaweza kupishana kwa dakika moja, usibabaike. Ukipishana kwa tatu, swali linalofuata likikushika zaidi ya dakika moja, chagua, litie alama, songa.

Kuna uvumi kwamba maswali ya kwanza ndiyo yanaamua kila kitu, kwa hiyo uyape muda mwingi. Ni kweli kwamba mtihani unajirekebisha, ukipatia unaletewa magumu zaidi. Lakini anayetumia dakika 20 kwa maswali saba ya kwanza hulipa mwishoni, kwa sababu maswali yaliyoachwa bila jibu hukatwa alama vibaya kuliko kubahatisha. Usiache hata moja. Ukimaliza yote na muda ukabaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu katika sehemu hiyo, ndiyo maana tunasema utie alama yale unayoyatilia shaka. Alama hizo ziweke kwa uchoyo, mbili au tatu tu. Ukitia alama maswali tisa, hutajua uanzie wapi.

Sasa usomaji. Kinachokupotezea muda ni kusoma kila sentensi kwa uzito sawa, ukijaribu kuhifadhi tarehe na majina. Kifungu kinabaki upande mmoja wa skrini muda wote, hakuna cha kuhifadhi. Unachosomea mara ya kwanza ni mwendo wa fikra: nani anadai nini, wapi panageuka, mwandishi mwenyewe yuko upande gani. Jaribu hiki:

*Kwa miongo mingi wanahistoria waliieleza miji ya mawe ya mwambao wa Afrika Mashariki kuwa kazi ya wahamiaji waliovuka bahari. Uchimbuaji uliofanywa Shanga, kisiwani Pate, uliyatikisa maelezo hayo: chini ya majengo ya matumbawe zilikutwa tabaka za nyumba za miti na udongo zilizoanzia karne ya 8. Hii inaashiria mji uliokua hatua kwa hatua mikononi mwa wenyeji. Hata hivyo, vyombo vya udongo vya Ghuba ya Uajemi vilivyomo katika tabaka za awali vinakumbusha kwamba mawasiliano na ng'ambo yalikuwepo mapema.*

Kwenye ubao andika si zaidi ya hivi: "zamani: wageni. Shanga: hapana, wenyeji. Ila: mawasiliano mapema." Swali la lengo kuu likija, jibu ni lile linalosema ushahidi umelazimisha maelezo ya zamani yarekebishwe. "Kuthibitisha kwamba wageni hawakuchangia chochote" ni kali kupita kifungu, na sentensi ya mwisho inaikana waziwazi. "Kueleza mbinu za uchimbuaji" imechukua neno moja ikalifanya mada. "Kulinganisha majengo ya matumbawe na ya udongo" ni ya kweli kwa nusu sentensi tu. Jibu la lengo kuu lazima lifunike kifungu kizima bila kumwagika nje.

Wakikuuliza kwa nini mwandishi ametaja vyombo vya Ghuba, wanauliza *kazi* ya sentensi, hawaulizi habari yake. Jibu: kuweka mpaka kwa dai lililotangulia. Kosa la kawaida hapa ni kusema anataka kulipindua dai hilo. "Hata hivyo" inapunguza, haifuti. Na wakiuliza jambo dogo, rudi kwenye mstari wake, usome na sentensi moja ya juu na moja ya chini, kisha ndipo utazame machaguo. Ogopa chaguo linalorudia maneno ya kifungu neno kwa neno. Watunzi hujua macho yaliyochoka hukimbilia maneno yanayofanana, na jibu sahihi mara nyingi limevaa maneno mengine kabisa.

Mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe siku ile, na kuna mapumziko ya dakika 10 ambayo unaweza kuyachukua baada ya sehemu ya kwanza au ya pili. Kwa mtu wa zamu, lugha tungeiweka mwanzo, kichwa kikiwa hakijaguswa. Hesabu huvumilia uchovu kuliko ufahamu. Na usifanye mazoezi ya kupima muda ukitoka zamu asubuhi. Matokeo yake yatakupima usingizi.

SWALI: Nimefanya maswali zaidi ya mia tano miezi hii mitatu. Alama ziko pale pale kama gogo. Ninunue maswali mengine wapi?
*Mfanyabiashara, Mtwapa*

JIBU: Usinunue. Bila shaka unafanya hivi: maswali ishirini, unatazama majibu, unasoma maelezo, unaitikia kwa kichwa, unaendelea. Kuitikia kwa kichwa hakufundishi.

Fungua daftari la makosa, la karatasi, kurasa mbili kwa kila siku. Kwa kila swali ulilokosa, *na kila ulilopatia kwa kubahatisha*, andika kabla ya kusoma maelezo: aina ya swali, hitimisho kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili, pengo, kwa nini ulilichagua ulilolichagua, na sababu moja moja ya kuyakataa mengine manne. Sababu iwe ya kutajwa: "kinyume", "nje ya hoja", "kali mno", "nusu kweli", "inahitaji hadithi yangu". "Sikuipenda" si sababu. Hii itakula dakika nane hadi kumi kwa swali, kwa hiyo siku ya maswali kumi na tano yaliyochambuliwa hivi ni siku nzito, na inatosha.

Baada ya wiki mbili hesabu. Watu karibu wote wanakuta makosa yao yamerundikana mahali pawili au patatu tu. Mmoja atakuta anachagua kinyume kwenye kuimarisha. Mwingine anakosa ya kuhitimisha pekee. Wa tatu hana tatizo la fikra kabisa, makosa yake yote yako baada ya swali la 17, ni muda. Kila mmoja anahitaji dawa yake, na yule wa tatu akiongezewa mazoezi ya mantiki anapotezewa siku.

Kisha yarudie yale uliyokosa baada ya siku kumi hivi, bila kutazama daftari. Ukikosa tena kwa sababu ile ile, hapo ndipo pa kukaa. Ukipatia kwa kuwa umekumbuka herufi, lieleze swali kwa sauti kama unamfundisha mtu, maana herufi si elimu.

Maswali yenyewe yatoke kwa GMAC, wenye mtihani. Maswali ya hoja yaliyotungwa na wengine mara nyingi yana machaguo mawili yanayoweza kuteteka, nayo yanakuzoesha kubishana na mtunzi, tabia mbaya kuipeleka chumba cha mtihani. GMAC hutoa majaribio kamili mawili bure kwenye tovuti yao. Usiyamalize wiki ya kwanza kwa shauku. La kwanza fanya mwanzoni ujue ulipo, la pili lihifadhi hadi wiki tatu kabla ya siku yako. Katikati, zoezi la bei ya gazeti: chukua tahariri, hata ya *Taifa Leo*, na kwa dakika nne andika hitimisho, ushahidi, na jambo moja ambalo mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema. Mantiki haina lugha yake peke yake.

SWALI: Nimepata vitabu vya mitumba vya GMAT vya 2017 kwa bei poa. Vinafaa?
*Mwanafunzi, Tudor*

JIBU: Sehemu za hoja na ufahamu zinafaa kabisa, mantiki haijabadilika. Kurasa za kusahihisha sentensi ziruke zote, na ushauri wa muda uliomo usiufuate, ulikuwa wa mtihani mrefu zaidi. Jedwali la alama pia limepitwa: 700 ya zamani inalingana takriban na 645 ya sasa. Ukiona kwenye tovuti ya chuo wastani wa 700 na kitu, angalia kwanza ni wa mtihani upi kabla hujakata tamaa. Na kama mwenye kitabu wa kwanza amezungushia majibu kwa penseli, nunua kifutio kabla ya kuanza.

SWALI: Rafiki zangu wanasema nikimbilie GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, kwa sababu vyuo vya biashara vinaikubali na lugha yake ni rahisi. Ni kweli?
*Mhasibu, Nyali*

JIBU: Nusu ya kwanza ni kweli. Vyuo vingi, INSEAD na London Business School vikiwemo, vinakubali mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Ya pili inategemea wewe. GRE ina maswali 27 ya lugha kwa mafungu mawili: 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23, na alama ni kati ya 130 na 170. Huko ndiko maneno magumu yana thamani, kwa sababu karibu nusu ya maswali ni ya kujaza nafasi. Lenye nafasi mbili au tatu lazima uzipatie zote, hakuna alama ya nusu. Kwenye yale ya sentensi moja na machaguo sita, unachagua mawili yanayoipa sentensi maana ile ile.

Namna ya kuyafanya: funika machaguo, soma sentensi, tafuta neno lililomo linaloielekeza nafasi, kisha weka neno lako, hata liwe la Kiswahili. "Dharau" ikikujia, tafuta linalobeba dharau. Wanaotazama machaguo kwanza huchukua neno zuri wanalolijua na kulilazimisha liingie.

Kipimo rahisi: fanya jaribio la bure la kila mmoja, wiki mbili tofauti. Kama hoja zinakufurahisha, baki GMAT. Kama una hazina ya maneno na unachoshwa na kubishana na aya, hama. Yule karani wetu wa Kilindini mwenye maneno yake elfu, akikosa subira na hoja, huku ndiko yatamlipa.

SWALI: Nataka kufanyia mtihani nyumbani badala ya kusafiri. Mtaa wetu stima hukatika na watoto ni wengi. Nijihadhari na nini?
*Mama, Likoni*

JIBU: Dada, kama una chumba chenye mlango unaofungwa, inawezekana. Mtihani wa nyumbani ni ule ule. Kompyuta ya kupakata iwe na betri inayokaa saa tatu bila waya, na kisambaza intaneti ukichomeke kwenye betri ya akiba. Kompyuta pekee ikibaki hai na intaneti ikafa, umekatika vile vile. Tumia waya wa mtandao badala ya hewani kama unaweza. Dawati liwe tupu, simu isiwe karibu na mkono, na asiingie mtu. Mtoto akifungua mlango kuuliza chai, msimamizi anaweza kuusimamisha mtihani. Watoto wapeleke kwa bibi yao siku hiyo, usitegemee ahadi zao.

Chukua nafasi ya saa mbili asubuhi. Ukaguzi wa chumba na kitambulisho hula muda, mtihani ni saa mbili na robo bila kuhesabu mapumziko ya dakika 10, na utakuwa umemaliza kabla ya adhuhuri, joto halijapanda na msikiti wa jirani haujaadhini. Ubao wa kuandikia uliomo ndani ya programu ujaribu siku kadhaa kabla, kwani kuandika kwa kipanya ni kazi nyingine kabisa.

Jina unalojisajilia lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Hapa pwani mtu huwa Mohamed kwenye cheti cha shule na Muhammad kwenye pasipoti, na jina la babu linaonekana mahali likipotea pengine. Fuata pasipoti. Ukiamua kituo cha Nairobi badala yake, panda treni ya jana yake, usijaribu ya asubuhi ile. Matokeo yasipokupendeza, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12.

Jambo la mwisho, na wengi wamenaswa nalo: nyumbani hairuhusiwi kusoma kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Msimamizi anaona midomo kwenye kamera na hajui kama unajisomea ama unamsomea mtu. Kama umezoea kusoma vifungu kwa kunong'ona, anza sasa kufanya mazoezi na kijiko kikiwa kimeshikwa kwa midomo. Utajiona kichekesho kwa siku tatu, kisha midomo itazoea kutulia.